Bati la Mama Mkwe na Mlango wa Mawe

Mimi si mtoto wa ziwa. Nimezaliwa kijiji cha Buswahili, ambako maji tuliyoyajua ni ya mto, na mto tuliuogopa kwa sababu ya mamba. Nilikuja ziwani kwa kuolewa, muda mfupi baada ya Uhuru, katika kijiji kimoja cha rasi iliyo mbele ya Musoma mjini. Gari lilikuwa halifiki huko. Nilipelekwa kwa mashua ya tanga, na aliyeshika usukani ni mume wangu mwenyewe.

Safari ilikuwa ya utulivu mpaka tulipokaribia nyumbani. Mbele ya mwalo wetu, pale vyombo vinapofikia, mawe yamelala kama ng'ombe wanaocheua, kutoka upande mmoja wa ghuba hadi wa pili. Yanayoonekana hayana shida. Mabaya ni yale yaliyo chini ya maji. Kuna uwazi mmoja tu wa kupita, na watu wa pale wanauita Mlango. Mkono wa kulia wa Mlango limejificha jiwe moja pana, na alasiri, upepo wa ziwani unapovuma, mawimbi yanasukuma chombo kuelekea jiwe hilo hilo.

Mume wangu alikuwa anaongea njia nzima. Tulipofika hapo akanyamaza, macho ameyakaza nchi kavu. Nikamuuliza anatazama nini.

"Nyumba ya mama," akasema.

Nilidhani amemkumbuka mama yake. Akacheka kidogo, akaninyooshea kidole. Mlimani kulikuwa na jiwe kubwa lililokaa juu ya jiwe jingine, na chini yake, karibu na maji, paa la bati lilikuwa linang'aa. "Bati likikaa chini ya lile jiwe sawasawa, kama mwanamke na mtungi wake kichwani, tuko njiani," akasema. "Mtungi ukianza kumwanguka, mbele yetu kuna mwamba."

Tukapita. Nilikuwa nimeshatapika mara mbili, na mama mkwe akanipokea kwa uji badala ya vigelegele.

Habari za Mlango nilizipata kwake, tukimenya mihogo. Alisema zamani alama ilikuwa mti mmoja mkubwa, mpaka mtu akaukata achonge mtumbwi. Baada ya hapo watu walikisia. Enzi za wakoloni boti ya injini iliyobeba pamba ililipanda jiwe lile mchana kweupe. Watu waliokolewa wote, lakini pamba ilielea ghubani kutwa nzima, na mwaka ule wanawake wa kijiji walilalia magodoro mapya. Walipoulizwa wakasema pamba wamelima wenyewe. Kisha baba mkwe, ambaye mimi sikumkuta, akaezeka bati la kwanza pale kijijini.

"Mzee alitaka nyumba isivuje," mama mkwe alisema. "Hakujua ameweka alama. Hata mimi nilikaaga miaka miwili nikidhani watu wa mitumbwi wananitazama kwa heshima."

Miaka ikaenda, nikazaa watoto watatu, na ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Sisi wa ufukweni tulitakiwa kupanda juu, kwenye uwanja ambako ingepita barabara na kujengwa shule na zahanati. Katibu wa kijiji alikuwa kijana wa upande wa Bunda, mtoto wa wakulima wa pamba na wafugaji. Alikuwa mpole, mwenye haraka, na alikuwa amesikia kila aina ya kisingizio. Mmoja alimwambia hawezi kuhama kwa sababu ya makaburi, mwingine kwa sababu ya ng'ombe mwenye mimba. Kwa hiyo kwenye mkutano, mume wangu aliposimama kusema juu ya bati, alikuwa amechelewa.

"Ndugu Katibu, ile nyumba ya mama ndiyo inatuingiza mwaloni."

"Nyumba inaingizaje mtu mwaloni, ndugu yangu?"

Watu wakacheka. Mume wangu si msemaji. Alijaribu kueleza habari ya mtungi na kichwa, akajikanyaga, akakaa. Mama mkwe hakumsaidia. Yeye alitaka kuhama. Alikuwa amechoka na mbu, na alitaka kukaa karibu na zahanati.

Tukahama. Bati likaezuliwa, likabebwa vichwani mpaka nyumba mpya, na kuta za zamani zikabomolewa ili mtu asirudi. Wanaume wa mitumbwi walikubaliana kusimamisha alama nyingine mahali pale. Lakini kila mtu alikuwa anajenga, anafyatua matofali, analima shamba la kijiji. Tulisema wiki ijayo, kisha wiki nyingine. Asubuhi, ziwa likiwa shwari, walikuwa wanapita kwa kulitazama jiwe lenyewe majini, na hiyo ikatudanganya.

Siku ya ajali tulikuwa watu sita tukitoka Musoma. Nilikuwa nimempeleka mtoto wangu wa mwisho hospitali, na ashukuriwe Mungu, nilimwacha kwa dada yangu mjini amalizie sindano. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, na binamu yake mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa kwenye tanga. Walikuwepo pia wanawake wawili majirani, na katibu, ambaye alikuwa anarudi kutoka mkutanoni, amekumbatia mkoba wake wa karatasi.

Tulichelewa kuondoka, na upepo ukatukuta karibu na Mlango. Mume wangu alitafuta nchi kavu kwa macho. Jiwe la mlimani lilikuwepo. Chini yake palikuwa na udongo na majani tu.

"Unapaona?" akamuuliza binamu yake.

"Nadhani kushoto kidogo."

"Kushoto ya wapi?"

Hawakupata muda wa kumaliza. Nilisikia ubao ukipasuka chini ya miguu yangu, kisha mashua ikalala ubavu na maji yakawa kila mahali. Mtu alinishika nguo mgongoni akanivuta juu ya kitu kigumu. Alikuwa katibu. Tulikuwa tumesimama juu ya lile jiwe lenyewe, maji yakitufika kiunoni, na kila wimbi lilitaka kutung'oa. Tulishikana mikono kama watoto. Mume wangu aliwashika wale wanawake wawili, wakajiburuta kwenye ubavu wa mashua. Binamu yake alipigwa na mlingoti ulipoanguka. Tulimwona mara moja, halafu hatukumwona.

Tulikaa pale hadi mitumbwi ya samaki ilipotuona. Katibu akaniuliza, "Dada, ile nyumba ilikuwa inakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akatazama kwa muda mrefu, kwanza mlimani, kisha chini. Nadhani hapo ndipo alipoelewa alichokuwa anaambiwa mkutanoni.

Marehemu alipatikana kesho yake kwenye matete. Katibu alikuja msibani, akachukua jembe, akachimba kaburi pamoja na wengine mpaka mikono ikatoka malengelenge. Baadhi ya watu walikuwa hawamjibu salamu. Baada ya maziko alimfuata mama mkwe mahali alipokaa na wanawake, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Marehemu alikuwa mtoto wa dada ya mama mkwe, naye ndiye aliyemlea tangu meno ya utoto. Mama mkwe akasema, "Wewe ulikuwa hujui, mwanangu. Sisi tulikuwa tunajua, na tulisema wiki ijayo. Mimi nilikuwa najua kuliko wote, nikakaa kimya kwa sababu ya mbu. Usiubebe mzigo huu peke yako."

Mume wangu alisikia maneno hayo akatoka nje. Yeye ndiye aliyekuwa na usukani. Kwa miezi mingi hakuligusa kasia, na mtu akitaja ziwa aliondoka. Nilikuwa namwekea chakula tu na kukaa karibu.

Kazi ya alama ilifanyika ndani ya siku chache. Mama mkwe alipanda mwenyewe kwenye kiti, akaonyesha mabati ya kung'olewa kwenye nyumba yake mpya. Sita. Katibu alisema kijiji kitatafuta mengine, mama mkwe akakataa, akasema haya yanajua kazi. Yalipigiliwa kwenye nguzo za mti mgumu pale pale kwenye msingi wa nyumba ya zamani, na mitumbwi miwili ikaingia majini kuelekeza kwa kupunga mikono: sogeza, rudisha, hapo hapo. Chumba cha mama mkwe kikaezekwa nyasi mahali palipobaki wazi. Kila mwezi wanawake tulishuka kwa zamu kuyasugua kwa majivu na mchanga, maana bati likishika kutu haling'ai.

Mume wangu alirudi ziwani mwaka uliofuata, na abiria wake wa kwanza alikuwa katibu, ambaye alikuwa amehamishiwa Bunda. Wengine walimwambia asubiri mashua nyingine. Akasema atamngoja ndugu yake, mume wangu, mpaka siku atakayokuwa tayari. Alingoja siku nne. Walipoondoka nilikuwa mwaloni, nikamwona ameketi akiutazama mlima, anamwelekeza mume wangu kwa kiganja, na mume wangu anamfuata, ingawa hakuhitaji kuelekezwa.

Katibu alituandikia barua mara mbili. Katika ya pili alisema ameoa. Mama mkwe alitaka asomewe tena, na tena, kisha akauliza mke ni mtoto wa nani, na kwa nini barua haikusema.