Mama Alipopitia Baharini

Nyumbani kwetu Mshangano taarifa ya hali ya hewa iliishia Ruvuma. Msomaji wa redio alianza na mikoa ya mbali, akashuka taratibu, na alipofika kwetu Baba alituashiria tunyamaze. Akishasikia kama mvua ipo au haipo, alinyoosha mkono akazima. Zilizofuata zilikuwa habari za bahari, upepo unatoka wapi na mawimbi yana ukubwa gani.

"Hayo ni ya watu wa Pwani," alisema. "Betri zangu haziendi kuvua samaki."

Ilikuwa ile miaka biashara imeachiwa huru. Maduka ya Songea mjini, ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu, sasa yalijaa sabuni, vitambaa na ndala za kila rangi. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la mzee mmoja Myao, mwenyeji wa Tunduru, aliyehamia mjini baada ya kufanya biashara ya korosho kwa muda mrefu. Dukani kwake kulikuwa na simu, na mtaa mzima tuliitumia kama yetu.

Mama alikuwa Mtwara. Dada yangu, aliyeolewa na mwalimu wa huko, alikuwa amejifungua mapacha, na Mama akapanda lori kwenda kumsaidia kulea. Alipita Tunduru wakati barabara imekauka. Mvua zilipoanza barabara ile ikageuka tope, malori yakakwama porini, na madereva waliofika Songea walisimulia jinsi walivyopika ugali kando ya magurudumu wakisubiri kuvutwa. Kwa njia ile Mama asingerudi mpaka mvua ziishe, na yeye alishaanza kuulizia shamba lake la maharage.

Ndipo shemeji akapiga simu dukani.

"Mwambie Baba kwamba Mama anarudi kwa meli," alisema. "Anaondoka Jumatano mpaka Dar es Salaam, halafu atachukua basi la Songea."

Nilipomfikishia Baba ujumbe, aliweka jembe chini.

"Meli? Mama yako? Huyu ambaye tukivuka kijito kwenye gogo lazima nimshike mkono?"

Jioni ile taarifa ya hali ya hewa ilipofika Ruvuma, mkono wake haukunyooka. Tukasikiliza ya bahari kwa mara ya kwanza. Msomaji alisema kuna kimbunga katika mkondo wa Msumbiji, kwamba pwani ya kusini itakuwa na upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita mbili, na kwamba wenye vyombo vidogo wasiende baharini. Alisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma manyunyu ya Njombe.

"Kimbunga ni upepo wa namna gani?" Baba aliniuliza.

"Ule wa kung'oa mabati, Baba."

"Baharini hakuna mabati. Huko kinang'oa nini?"

Nilijifanya natafuta mwiko.

Asubuhi nilimkuta amesimama katikati ya mahindi, mkono mmoja juu, anagusa mbelewele za mhindi uliomzidi kimo.

"Mita mbili ni hapa," alisema. "Sasa fikiria shamba zima linakuinukia."

Tukaenda mjini pamoja. Mzee wa duka alimkaribisha kwenye kiti chake mwenyewe, na baada ya kujuliana hali Baba alimuuliza moja kwa moja kama amewahi kusafiri kwa meli.

"Mara nyingi," alisema yule mzee. "Mtwara kwenda Dar es Salaam, na kurudi."

"Na mawimbi ya kumzidi mtu kimo?"

"Sitakudanganya, ndugu yangu. Meli inapanda na kushuka, na wewe matumbo yanabaki juu. Lakini waliokatazwa ni wenye vyombo vidogo. Meli ni jumba zima. Tuombe Mungu."

Akazungusha namba ya shuleni kwa shemeji. Simu haikuita. Akajaribu tena, na tena. Mtu wa posta alituambia laini ya kusini imekatika kwa mvua, mafundi wamekwenda.

Sikuweza kushona. Upepo ulianza kuvuma hapo mjini, upepo wa kawaida tu wa kabla ya mvua, lakini Baba alitoka nje kuutazama.

"Huu ndio huo huo?" alimuuliza mzee.

"Allahu a'lam, Mungu ndiye ajuaye," mzee akajibu. "Bahari iko mbali na hapa."

Jumatano ikafika. Baba alikuja barazani asubuhi, akakaa juu ya gunia la chumvi na rozari mkononi, na kila redio ya dukani ilipoanza taarifa alisimama. Wateja walimwamkia, naye aliitikia marahaba bila kugeuza uso. Kimbunga kilikuwa bado kinasogea. Meli haikutajwa kabisa, wala ya kwamba imeondoka wala ya kwamba imebaki, na sisi tuliijaza ile nafasi kwa mawazo yetu. Mimi nilimwona Mama amefumba macho, anatafuta mkono wa kushika. Sijui Baba aliona nini, kwa maana hatukuambiana.

Alhamisi mchana msomaji alisema kimbunga kimegeuka. Kimeshuka kusini, kimeingia nchi kavu ndani kabisa ya Msumbiji, na sasa kinapungua nguvu. Mzee wa duka akapiga kofi moja kubwa. "Alhamdulillahi!" Baba alijishika magoti akavuta pumzi, kisha uso ukamwinama.

"Na huko kilikoingia kuna mama za watu," alisema.

"Wapo," mzee akakubali. "Tuwaombee nao."

Simu iliita kabla hatujaondoka; laini ya kusini ilikuwa imeungwa. Mzee aliipokea, akasikiliza, akacheka, akampa Baba mkonga wa simu. Hata mimi niliyekuwa kwenye cherehani niliisikia sauti ya Mama. Alikuwa anapiga kelele kana kwamba anatuita kutoka Mtwara kwa mdomo tu.

"Bado niko huku! Meli haijaondoka! Nahodha amekataa!"

"Amekataa?" Baba aliuliza.

"Amekataa kabisa! Watu wamemtukana bandarini, wana mizigo yao, wengine wana samaki. Akasema meli ni yake na roho zetu ni zake mpaka atufikishe. Akaenda kulala!"

"Na wewe ulimtukana?"

Mama alishusha sauti. "Kidogo," alisema.

Baba alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Nahodha huyo Mungu ampe watoto," alisema. "Panda meli yake. Akiondoka yeye, ondoka. Mwingine yeyote, usipande."

Jioni ya siku shemeji alipopiga simu kusema meli imeondoka, msomaji alitabiri upepo hafifu na mawimbi madogo. Baba aliyarudia maneno hayo, "mawimbi madogo," kama anaonja togwa kuona imekolea sukari, akaenda kulala. Nilisikia anakoroma kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Tulimpokea Mama stendi jioni moja, jua likiwa bado lipo. Alishuka na nazi kwenye kikapu, korosho kwenye mfuko, na miguu iliyovimba kwa kukaa. Baba alimshika mkono kutoka ngazi ya mwisho ya basi, akaendelea kuushika tulipokuwa tunatembea, jambo ambalo sikuwa nimeliona mjini mbele za watu.

"Bahari ilikuwaje?" nilimuuliza.

"Ilikuwa imelala," alisema Mama. "Maji tu, yamekaa. Tulikuwa wanawake wengi, tukaimba, mmoja akanifundisha kula ngisi. Nilisimama pembeni nikatazama mpaka shingo ikauma. Hapo sikuogopa."

"Hukuogopa?" Baba alisimama njiani.

"Meli sikuogopa. Basi ndilo! Pale mlima wa Kitonga, dereva anapishana na malori, chini ni shimo lisilo na mwisho. Nilitubu dhambi zote, hadi zile nilizokwisha kuungama. Nikasema, bora yule nahodha angekuwa anaendesha na hili."

Tulicheka wote watatu katikati ya barabara, mpaka mwenye baiskeli akapiga kengele tumpishe.

Tulipofika nyumbani nilielekea jikoni, lakini Baba alinizuia. Alimwambia Mama akae kwenye mkeka, anyooshe miguu. Kisha akachukua sufuria kubwa, akachota maji, akapuliza moto yeye mwenyewe, akamwinjikia maji ya kuoga.