Somo la Kigiriki Mbele ya Telegramu ya Bi Mize

Shoga zangu, leo nimefundisha Kigiriki kwenye kilio.

Jirani yetu hapa kijijini Ole, Bi Mize, aliletewa telegramu. Mwanawe yuko masomoni Dar es Salaam, na kwetu telegramu ikija, watu huanza kulia kabla haijafunguliwa.

Nikaitwa niisome, maana mimi ndiye msomi wa Kiingereza hapa.

Nikasimama. Nikakohoa kidogo, kama mwalimu wetu wa Kiingereza anapoanza somo la mizizi ya maneno.

"Telegramu ina mizizi miwili ya Kigiriki," nikasema. "Tele ni mbali. Gramu ni maandishi."

Wanawake wakanikodolea macho. Nikadhani wamevutiwa! Nikaendelea na telefoni.

Bi Mize akanishika mkono.

"Mwanangu yu hai au kafa?"

Wallahi, bahasha nilikuwa bado sijaifungua.

Nikaichana haraka. "Kafaulu mtihani! Anakuja Ijumaa!"

Vigelegele vikapigwa. Mimi natafuta pa kujificha.

Bi Mize akanifuta jasho kwa kanga yake. "Elimu unayo, mwanangu. Siku nyingine anza na mtu. Wagiriki watangoja."

Haya, nichekeni. Lakini semeni kweli: nani kati yenu asingeanza na mizizi?