Fimbo ya Mzee wa Uhuru

Nimechoka kuchekwa pembeni, bora niseme mwenyewe. Tangu biashara iwe huria, mimi katibu wa ushirika wa mboga huku Uluguru sina kazi zaidi ya kupokea wageni. Juzi akaja mzee aliyedai uhuru bega kwa bega na waasisi wa taifa. Gari liliishia bondeni, akapanda kwa miguu. Niliporudi garini kumchukulia begi, dereva hayupo, nikaiona fimbo kwenye kiti cha mbele, nikajua ni ya mzee.

Huku kwetu kila mtu anajua fimbo za waasisi zina nguvu. Ukiishika hivihivi, mkono unakufa ganzi. Basi nikaizungushia kanga, nikaubeba ule mzigo mlima mzima, magoti yakilia.

Mkutanoni wazee walivua kofia. Mmoja akauliza, "Mbona inanuka petroli?"

"Ndiyo nguvu yenyewe hiyo, baba," nikamjibu.

Nikapiga magoti, nikamnyooshea mgeni fimbo kwa mikono miwili. Akaitazama, akanitazama, hakuipokea.

Hapo dereva akafika akihema, akawaamkia wazee, kisha akanigeukia. "Samahani, katibu. Naomba kijiti changu cha kupimia mafuta kwenye tangi. Geji ilishakufa."