Alhamisi Kumi za Viazi

Bi Dolores Havrilla hajawahi kuupenda mpira. Mpira wetu wa Ijumaa, ule wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, yeye huuona kama mbinu ya kuharibu nguo nyeupe. Vijana wakiangushana topeni na uwanja mzima ukisimama kushangilia, yeye hushika shavu: "Yesu wangu, lile doa!" Mimi ninayekaa jirani yake, niliyekula naye chumvi nyingi, sijawahi kumsikia akiuliza nani kashinda.

Lakini kwa miaka ambayo hata yeye ameacha kuihesabu, hakuna kijana wa shule ya Kettle Run aliyeingia uwanjani bila kupita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyeagiza sare, akazifua, akazitia viraka, na msimu ukiisha akazipokea na kuzining'iniza kwenye chumba chake kidogo nyuma ya ukumbi wa mazoezi, chenye harufu ya sabuni na soksi. Na hakuna mzazi aliyetoa hata dola moja mfukoni.

Nguo zilitoka kwenye pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Kuanzia Januari hadi Pasaka, kila Alhamisi, tulikusanyika chumba cha chini cha kanisa. Wengine wakimenya viazi, sisi wengine tukisukuma unga, tukitia viazi na jibini katikati, tukikunja na kufinya kingo mpaka vidole vinakufa ganzi. Ijumaa ya Kwaresima, mtu akiwa haruhusiwi nyama, foleni ya wanunuzi ilifika barabarani. Kila familia yenye mchezaji ilitoa mtu mmoja kwa Alhamisi kumi. Mke wa daktari alimenya, mjane alimenya, na kisu cha mjane kilikuwa kikali zaidi. Agosti ikifika, kila kijana alikabidhiwa furushi lake kwenye karatasi ile ile ya kaki: jezi, suruali, fulana za mazoezi, sweta ya kofia.

Ijumaa asubuhi wachezaji huenda darasani wamevaa jezi. Ungewatazama wote ukumbini usingejua baba wa yupi ana lori jipya na baba wa yupi mgodi umemtema. Hilo ndilo Bi Dolores alilolipenda. Alikuwa akisema, "Ukimpa mmoja, umempa sadaka. Ukiwapa wote, hakuna aliyepewa."

Kisha akaja Denny Brubaker na pesa zake za kokoto.

Denny alicheza hapa zamani, hakucheza vizuri, na sasa ana malori yanayotutimulia vumbi mji mzima. Alikuja kwenye mkutano wa wazazi mwezi wa Mei, suruali imepigwa pasi, meno yote nje.

"Mama zangu, pumzikeni," akasema. "Vidole vyenu vimetosha. Jezi nanunua mimi, seti tatu. Wazazi watanunua za mazoezi tu, kwenye duka la mtandaoni. Mkwe wangu atalisimamia. Kila mtoto na jina lake mgongoni! Dola mia moja na themanini tu. Nani hana?"

Nani angenyoosha mkono?

"Na asiye nazo?" Bi Dolores akauliza kutoka nyuma.

"Kuna fomu, Bi Dolores. Anajaza, anasaidiwa kimyakimya."

"Kimyakimya! Mji huu paka akizaa tunajua baba yao."

Watu wakacheka, lakini walipiga makofi kwa Denny. Nami nilipiga. Viungo vya vidole vyangu vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na mtu akikuambia pumzika humwulizi mara mbili. Kabla ya Juni kwisha, jiko kubwa la kanisani liliuzwa kwa mgahawa wa barabara kuu, na meza zikapewa chekechea.

Agosti vijana wakajitokeza mazoezini wanang'aa, majina mgongoni. Wote isipokuwa Trent Yurick. Huyu alikuwa katika mwaka wake wa mwisho, kijana mpana, mpole, anayecheza mstari wa mbele. Alikuja na fulana ya mwaka jana, iliyopauka, imebana mabegani.

"Oyaa, makumbusho yamefunguliwa!" mmoja akapaza sauti.

"Kiingilio dola ngapi, Trent?"

Trent alicheka nao, maana ungefanya nini? Kocha Mazur hakucheka, lakini naye hakusaidia. Alisema amri ni sare kwa wote: asiye na nguo za mwaka huu hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hachezi Ijumaa. "Fomu ipo. Baba yake ajaze." Ana moyo mzuri Kocha Mazur, ila uti wa mgongo aliusahau kwa mama yake.

Baba yake Trent ni Darrell Yurick, aliyeumia mgongo mgodini, sasa hupata vibarua siku moja na kukosa siku nne. Darrell hajazi fomu. Hata alipoumia alibishana na hospitali kuwa wamemtoza kidogo, ndivyo watu wanavyosema, na mimi naamini. Trent alisimama pembeni ya uwanja wiki nzima, mikono mfukoni, akiwatazama wenzake wakigongana.

Bi Dolores alimtazama Trent kupitia dirisha la chumba cha nguo, na hapo akafanya jambo ambalo maisha yake yote alikataza wengine. Aliagiza furushi kwa pesa zake za uzeeni, jina YURICK mgongoni, akaliweka kwenye kabati la yule kijana bila neno lolote. Alinieleza jioni ile akiwa na furaha kama aliyeiba peremende.

"Atajua ni wewe," nikamwambia.

"Atajuaje?"

"Limekunjwa vizuri, Dolores. Nani mwingine mjini hapa anakunja hivyo?"

Jumamosi Darrell alipanda ngazi za baraza ya Bi Dolores polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mfuko. Mimi nilikuwepo, tulikuwa tunakata maharage. Aliuweka mfuko mezani, juu ya maganda.

"Bi Dolores, hii imepotea njia."

"Keti, Darrell. Mgongo huo."

"Sikuja kukaa. Mwanangu si ombaomba."

"Nani kasema ombaomba? Wewe nilikuvika mwenyewe, miaka minne! Ulikuwa unalia soksi zinakuwasha."

"Mama yangu alinivika," Darrell akasema. "Alikaa pale chini ya kanisa, karibu na dirisha, Alhamisi kumi. Mikono ilikuwa inanuka viazi mpaka Krismasi. Zile zilikuwa nguo zangu. Hizi ni zako."

"Kijana atakosa msimu wake, Darrell. Wa mwisho."

"Atacheza akivaa nguo za jasho la baba yake." Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa na hajui jinsi: "Nipe kazi basi. Niambie viazi viko wapi, nikae nimenye kama watu."

Viazi havikuwepo. Jiko lilikuwa limeuzwa, na kwenye zile meza watoto wa chekechea walikuwa wanapaka rangi. Tulikuwa tumeondoa mahali pekee ambapo mtu kama Darrell angeweza kulipa, na tulikuwa tumepiga makofi tukifanya hivyo. Darrell akauacha mfuko pale mezani, akashuka ngazi vilevile alivyopanda.

Habari zikasambaa. Wapo waliosema, "Fadhila za punda ni mateke." Nikawaambia nyamazeni, punda ni ninyi. Bi Dolores alikwenda kwenye kamati ya wazazi kuomba pirogi zirudi. Wakamwambia, "Dolores, tumechoka. Na jiko liko wapi?" Denny akamwambia kwa simu kwamba anashukuru sana kwa maoni yake.

Basi alinunua gunia la viazi mwenyewe, akaliburuta mpaka jikoni kwake, akaenda hadi mlangoni kwa Yurick.

"Alhamisi, saa nane," akamwambia Darrell. "Njoo na kisu chako. Vyangu vimekufa makali."

Alikuja. Kilikuwa kisu cha mama yake, mpini umefungwa kwa uzi. Alikaa karibu na dirisha bila kuambiwa. Yeye akimenya, Bi Dolores akisukuma unga, mimi nikifinya kingo na vidole vyangu vya tangawizi, na Ijumaa tukaziuza pirogi kwa majirani mlango kwa mlango. Ilikuwa tayari katikati ya Septemba, na michezo miwili ilikwishapita.

Alhamisi ya kwanza ilipokwisha Bi Dolores akajifuta mikono. "Nguo siku hizi ni chache, Darrell. Jezi kanunua Brubaker. Alhamisi tano zinatosha."

"Mama alikaa kumi."

"Basi mchukulie mtoto nguo leo, umalizie taratibu."

"Wakati wetu mlitoa kabla?"

Ukweli ni kwamba hatukutoa kabla. Kazi ilifanywa wakati wa baridi, nguo zikaja kiangazi.

"Usinipunguzie, Bi Dolores," Darrell akasema. "Ukinipunguzia, ni fomu tu yenye viazi."

Nilitamani kumpiga mwiko. Nilitamani pia kumkumbatia. Tulimsihi aje siku nyingine za juma, amalize upesi. Alijaribu. Wiki moja alikuja Jumatatu na Alhamisi, kisha akalala chali siku nne asiweze kuvaa viatu, na Alhamisi iliyofuata ikapotea. Kiti kilikuwa kinamuua. Kila baada ya viazi kadhaa alisimama, akashika ukingo wa sinki, akahema, akarudi kuketi.

Jezi nambari hamsini na nane ilining'inia kwenye chumba cha nguo. Kocha aliahidi kumtunzia Trent. Ijumaa asubuhi wenzake wakienda darasani na jezi, Trent alikwenda na shati la kawaida. Jioni alikaa jukwaani na watu wazima, akila karanga, akisimama wakisimama. Mara moja nilimwuliza kama amemkasirikia baba yake.

"Hapana," akasema. Akatafuna kidogo. "Mara nyingine."

Mchezo wa mwisho ulichezwa mwanzoni mwa Novemba, mvua ya barafu ikinyesha. Tulifungwa. Kabla ya mchezo, wachezaji wa mwaka wa mwisho walitembea katikati ya uwanja, kila mmoja ameshikana mkono na mama na baba, kipaza sauti kikiita majina. Jina la Yurick halikuitwa. Bi Dolores alisimama mvuani bila mwavuli, na kwa mara ya kwanza hakutazama madoa.

Alhamisi iliyofuata, saa nane, mlango ukagongwa. Darrell alikuwa kizingitini na kisu chake.

"Darrell," Bi Dolores akasema taratibu. "Msimu umekwisha, mwanangu."

"Najua," akasema. "Zimebaki mbili."

Akapita, akaketi karibu na dirisha, akavuta gunia. Bi Dolores aliingia chooni akafungulia maji, nami nikamsikia akilia chini ya sauti ya maji. Alipotoka alisukuma unga kwa nguvu hivi kwamba meza ilihama.

Darrell alimaliza Alhamisi ya kumi. Aliosha kisu, akakikausha, akakifunga kwenye kitambaa. Bi Dolores akaleta ule mfuko. Darrell alitoa kila nguo, akaikagua mishono kama mtu anayenunua dukani, akazirudisha mfukoni.

"Asante kwa biashara, Bi Dolores," akasema.

"Karibu tena," akamjibu. Angesema nini kingine?

Jumatatu ilikuwa siku ya kurudisha jezi. Mimi nilikwenda kumsaidia Bi Dolores kuhesabu. Vijana walipanga foleni mlangoni, kila mmoja na jezi yake, nyingine zikinuka kuliko samaki. Nyuma ya foleni alikuwa Trent. Alikuwa amevaa sweta ya timu, jina mgongoni, mistari ya mkunjo bado inaonekana kifuani. Wenzake sasa walikuwa wamevaa makoti ya mpira wa kikapu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Kijana wa mbele yake akageuka. "We Trent, unarudisha nini wewe?"

Ni yule yule wa makumbusho.

"Sina cha kurudisha," Trent akasema. "Hii ni yangu. Baba kaninunulia."

Yule kijana akaitazama sweta, akamtazama Trent usoni, na sijui aliona nini huko, ila akageuka tena mbele. Foleni ikasogea. Trent alipofika mlangoni, Bi Dolores alinyoosha mkono akaivuta sweta kidogo begani, akaiweka sawa.

"Imekukaa," akasema.

"Ndiyo, Bi Dolores."

Alipoondoka, Bi Dolores akaitungua ile hamsini na nane, safi, ambayo hakuna aliyeivaa. Akaitia mashineni pamoja na zile chafu, akamwaga sabuni, akawasha.