Mkono wa Gia na Jitu la Getini

Kwenye banda langu la gemu pale Mfaranyaki wateja wanataka mpira tu. Mpira asubuhi, mpira jioni, na kelele za kubishania nani kaotea. Ile sidii ya mashujaa na majitu ilikuja ndani ya mashine niliyoinunua kwa mtu, ikakaa kwenye droo. Wachache walioijaribu walikufa hata hawajashika vizuri pedi, wakaniuliza kama nimewawekea gemu bovu. Si bovu. Ndivyo lilivyotengenezwa: unakufa, unaanza tena, unakufa tena, mpaka upate akili. Mimi nina hasira za karibu, nililipigia kelele siku nzima na kuliapia kuwa sitaligusa tena. Baadaye nikalipeleka nyumbani Msamala kwa ajili ya mkono wa baba.

Baba alikuwa dereva wa malori. Njia ya Tunduru aliijua tangu zama za tope, anapakia korosho kule, anapeleka mahindi huku. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mdomo ulinyooka, mguu ukarudi polepole, mkono ukagoma. Watu waliokuja kumpa pole walikuwa wakisema, “Afadhali mzee, mkono wa ugali umebaki.” Wakishatoka getini baba anasonya. Kwa dereva wa nchi hii, wa kulia unashika usukani na wa kushoto ndio unaobadili gia. Wenye kula kwa mikono ni wengi, aliniambia, lakini yeye gia zilimlishia watoto.

Pikapu yake ilikuwa uani, imefunikwa turubai. Baba mdogo alikuja kila Jumapili baada ya misa kuiwasha ili betri isife, na kila Jumapili alikuwa na habari za mnunuzi. “Kaka, gari likikaa linaoza.” Mwishowe baba akamjibu, “Mpaka mavuno. Mkono ukikataa kushika gia mpaka mavuno, uza.” Mama aliyasikia hayo akiwa jikoni, akaacha kusonga ugali. Sote tulijua kwamba siku gari litakapotoka pale likiendeshwa na mtu mwingine, baba naye atakuwa ameisha.

Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alimpa mpira mdogo wa kuminya. Baba aliuminya siku mbili, kisha akawarushia kuku. “Mimi ni mtoto mchanga?” Nilichemka, lakini nikameza mate, kwa sababu tukianza kupandishiana mimi na yeye mtaa mzima unasikia. Siku ya pili nikaja na mashine chini ya kwapa. Nikamwambia ndani ya gemu hili kuna jitu moja getini, Mfaranyaki nzima hakuna aliyelipita. Nilisema hivyo makusudi. Dereva ukimwambia kuna kilima kimeshinda watu, anatafuta funguo.

“Lete,” akasema.

Tulicheza asubuhi, kabla sijaenda kufungua banda. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachosukuma kile kijiti cha pedi cha kumtembeza mtu wa ndani ya gemu, na cha baba kilijua kwenda mbele tu. Kwa hiyo mtu wetu alikwenda mbele. Alikwenda mbele akaingia shimoni, akaenda mbele akagonga ukuta, akaenda mbele mpaka kwenye panga la askari. Mimi pembeni, “Baba, rudi! Rudi nyuma!” Na yeye, “Unadhani napenda kwenda huku?” Loo, asubuhi zile!

Kosa lake la kwanza lilikuwa mavazi. Kila bati aliloliokota alimvika yule mtu, kofia, dirii, mabuti, mpaka akawa anatembea mzito na akijaribu kubiringika kukwepa pigo anaanguka puu. Nikamwambia avue. Akakataa katakata, vitani watu hawaendi wazi. Nikamwonyesha jinsi anavyobiringika akiwa mwepesi, halafu nikamvika tena. Baba akatazama. “Kumbe kazidisha mzigo,” akasema. “Breki zitashika wapi?” Akavua mwenyewe mpaka akabakiza ngao. Nikasema hata ngao tuitoe, akanigeukia kwa ukali. “Mngoni umnyang'anye ngao? Una wazimu?” Ngao ikabaki, na kweli ilitufaa. Anayeanza asiitupe.

Jambo jingine nililojifunza kwake ni salamu. Mle ndani kuna watu wachache wasiopigana, wamekaa tu kwenye magofu. Mimi nilikuwa nawapita. Nina haraka, tena nafungua banda. Baba alimkuta bibi mmoja ameketi karibu na moto wa kupumzikia, akasimama kwake. Bibi akasema maneno yake. Baba akabonyeza tena. Bibi akaongeza. “Baba, twende.” “Mtu mzima unampita bila kumsikiliza mpaka mwisho? Nani alikulea?” Akabonyeza mpaka bibi akaanza kurudia yaleyale, na kabla ya kurudia alikuwa ametupatia kichupa cha pili cha dawa ya kujiponya. Wateja wangu wote, na kiherehere chao, hawajawahi kukiona kichupa kile.

Lakini kwenye roho alinitia wazimu. Ukiua adui unapata roho, na ukirudi kwenye moto unazitumia kujiongezea nguvu. Baba hakutaka kuzitumia. Kwao, upande wa Namtumbo, hakuna mtu mwenye akili anayeuza mahindi wakati wa mavuno. Unaweka ghalani, unasubiri mvua zinyeshe, bei ipande. Kwa hiyo akaweka. Kila nilipomwambia atumie, jibu lilikuwa, “Tunasubiri bei.”

“Bei gani, baba? Hakuna soko humu!”

“Subiri.”

Alizilimbikiza kwa siku kadhaa, akawa tajiri na mnyonge kwa pamoja, mtu mwenye mali nyingi anayeuawa na mbwa. Na mbwa kweli alimuua, darajani. Ukifa roho zako zinabaki palepale ulipoangukia, na una nafasi moja ya kuzifuata. Ukifa tena njiani, zimekwenda na maji. Alikufa njiani. Nilijiandaa kumcheka, nikamwona uso, nikaghairi.

“Hata dumuzi akila mahindi,” akasema, “anatuachia unga.”

Tangu hapo alitumia kila alichopata siku ileile. Na jitu la getini tuliliacha. Hili nawaambia wote wanaoanza: ukipigwa na jambo moja kila siku, toka hapo, kuna njia nyingine upande wa makaburi, nenda ukakue kwanza. Baba ndiye aliyeiona njia ile. Mimi ningekufa pale getini kwa ubishi.

Kidole kikaanza kujua kulia na kushoto. Vidole vingine vikafunguka. Akashika kikombe cha chai kwa mkono ule, mama akageuka ukutani na kujifuta macho kwa khanga. Mimi nikavimba kichwa. Nilianza kuliona gari liko barabarani.

Tuliporudi hospitali, yule dada wa mazoezi alifurahi sana. Alimgeuza kiganja, akampa mkono wake auvute, ausukume, auvute tena. Kisha akasema taratibu, “Mzee, umefanya kazi kubwa. Kikombe sawa, vifungo vya shati vitakuja. Lakini gia ya gari usiitegemee. Nguvu ya kuvuta haijarudi, na sitaki nikudanganye.”

“Asante, mwanangu,” baba akamjibu. Tukapanda bajaji. Mimi nilikuwa nataka kumpiga mtu, sijui nani. Mashambani mahindi yalikuwa yameshakauka.

Asubuhi iliyofuata sikuwasha mashine. Niliona haina maana. Baba akaja sebuleni, akakaa, akanitazama.

“Mbona huwashi?”

“Ya nini, baba?”

“Lile jitu nimelisamehe?”

Nikawasha. Alikwenda getini moja kwa moja. Jitu lile ukilipiga pigo moja unatakiwa urudi nyuma haraka, na kurudi nyuma ndiko kidole chake kilikokataa kabisa. Likamsaga. Likamsaga tena. Hapo akasogea kwenye kochi na kunisukumia upande mmoja wa pedi.

“Mama, shika kushoto.” Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Kwa hiyo tulishika pedi moja watu wawili, bega kwa bega. Mkono wangu wa kushoto ulimtembeza mtu, mkono wake wa kulia ukapiga, ukakinga na kukwepa. Mwanzoni ilikuwa vurugu. “Kulia!” “Kulia kwangu au kwake?” “Wee mtoto, tumekufa!” Tukifa tulikuwa tukisema neno moja, anza tena, kisha tunaanza. Baadaye tukaacha kelele. Nilikuwa nikisikia bega lake linavyokaza kabla hajapiga, narudi nyuma kabla hajaniambia. Pigo moja, rudi. Pigo moja, rudi. Tamaa ya pigo la pili ndiyo inayoua watu.

Jitu lilipoanguka tulipiga ukelele mmoja, na mama akakimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani kiharusi kimerudi. Alitutukana sote wawili. Alikuwa na haki.

Mavuno yalipofika, baba mdogo alikuja na mnunuzi. Mtu wa heshima, kanzu safi, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Nilimwamkia, nikakaa pembeni. Mgeni alitaka kuliona gari likitembea.

“Ni haki yake,” baba akasema. “Mama, toa turubai.”

Nikatoa. Baba mdogo akanyoosha mkono apewe funguo. Baba akanipa mimi.

“Sijui kuendesha, baba.”

“Usukani utashika. Miguu unayo. Panda.”

Kisha akazunguka, akapanda upande wa abiria, kushoto, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa maisha yangu yote. Hapo ndipo nilipoona. Mtu akikaa kushoto, gia inakuwa kwenye mkono wake wa kulia. Mkono wa ugali. Mkono ulioliangusha jitu.

“Kanyaga klachi mpaka chini,” akasema. Nikakanyaga. Akaweka namba moja, laini, bila hata kutazama. “Achia polepole.” Nikaachia kwa pupa, gari likaruka na kuzima mbele ya watu wote. Baba mdogo akaanza kucheka. Machozi ya hasira yalinitoka.

“Tumekufa,” baba akasema. “Anza tena.”

Nikaanza tena. Leseni nilikuja kuitafuta baadaye, nikaipata, na mahindi ya msimu ule tuliyabeba wenyewe. Siku ile tulitoka getini tu, tukashika barabara ya vumbi ya Msamala polepole, kuku wakitupisha. Nyuma nilimsikia baba mdogo akiita, “Kaka, sasa mgeni nimwambie nini?”

Baba hakugeuka. Bega lake lilikaza kidogo, nikakanyaga klachi kabla hajaniambia, akaingiza namba mbili.