Masafa ya Wilibrodi

Wilibrodi wa Malangali alijifunza redio ya ridhaa, ile ya kuzungumziana hewani kwa kupenda tu, miaka ya themanini, kwa vitabu chakavu vya misheni. Akafanya mtihani, akapewa leseni na alama yake ya mwito, herufi na tarakimu za kumtambulisha hewani. Kila Jumapili baada ya misa tulizungumza, yeye mjini, mimi huku juu kwenye milima ya Mbizi, katika megahezi 144 hadi 146 ambazo sheria imewatengea watu wa ridhaa. Hatukuuza kitu humo, wala hatukupiga muziki, na kila mmoja alitaja alama yake kwanza. Tulikuwa wengi. Tumebaki wawili.

Mwaka jana madereva wa malori ya Meshack, mfanyabiashara wa mahindi, walinunua redio za mkononi, wakaingia humohumo bila leseni.

"Vijana, hapa hapazungumzwi biashara," Wilibrodi aliwaambia.

"Shikamoo babu! Kwani hewa umeinunua?"

"Marahaba. Sikuinunua. Niliifanyia mtihani."

Wakacheka, wakarudi kwenye mahindi yao. Kwa kelele zile sikumsikia tena rafiki yangu. Naye akaiandikia mamlaka ya mawasiliano malalamiko, kurasa tatu, na chini akaweka alama yake ya mwito.

Mkaguzi alikuja kweli. Lakini malori yalikuwa safarini, na Meshack hayumo katika daftari lolote. Aliyemo ni Wilibrodi, na leseni yake ilikwisha miaka mitatu iliyopita.

"Mbona niliandika barua kuomba kuihuisha?"

"Siku hizi ni mtandaoni, babu. Ulijibiwa?"

Hakujibiwa. Zamani ukinyimwa kitu uliandikiwa. Usipoandikiwa, uliendelea na kazi. Mkaguzi akabeba redio, akamwachia karatasi: afanye mtihani upya. Ana miaka sabini na sita. Leseni yangu aliihuisha mjukuu wangu Adela kwa simu, na sikuwahi kumwambia Wilibrodi.

Jumapili iliyofuata nilishuka na redio yangu ya mkononi, nimsaidie kudurusu. Nikamsomea swali la kwanza: je, masafa ya ridhaa yanaruhusiwa kwa biashara? Kabla hajajibu, redio ikakoroma mezani:

"Meshack, mahindi ya Laela magunia mangapi?"

Wilibrodi akanyoosha mkono kuichukua, kama alivyozoea kwa miaka arobaini. Nikaivuta upande wangu.

"Huna leseni," nikamwambia.

Akaurudisha mkono, akanitazama.

"Nisomee la pili," akasema.