Salamu Ndani ya Gari Lililopinduka

Nilipowaambia wa nyumbani kwamba nimepata ajira ya uuguzi na nimepangiwa Ulaya, mama yangu alikaa chini kwanza. Sisi ni watu wa Handeni, hakuna aliyejua kwamba kuna Ulaya nyingine wilayani Kilosa, kwenye njia ya kwenda Mikumi. Kaka ndiye aliyemweleza kwamba sitapanda ndege, nitapanda lori la mahindi.

Siku ya kwanza kazini nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mama mmoja mnene asiyecheka ovyo. Hakunipa sindano. Alinikalisha mbele ya friji ya chanjo, wakati ule ikitumia gesi, akanifundisha kusoma kipimajoto chake asubuhi na jioni. Nilikaa na friji ile siku nyingi kabla hajaniruhusu kumgusa mtoto wa mtu. Nilipolalamika aliniambia, "Mtoto akilia, umemchoma. Lakini chanjo ikishapata joto, hata wakilia wote hujafanya kitu."

Ninyi mnaoanza sasa mmekuta friji za umeme wa jua, mnaona kama zilikuwepo siku zote. Sisi tulihangaika na mitungi ya gesi, na ilipokwisha tulikimbiza chupa za chanjo kwenda kituo kingine kama watu wanaokimbiza mgonjwa. Kutoka Ulaya nilihamishiwa Kisanga, na huko ndiko nilikoijua huduma ya mkoba. Maana yake ni kwamba humngoji mama aje kliniki, unaibeba kliniki unamfuata. Kwa wakulima haikuwa shida, wanakuja na kadi za watoto wamezifunga kwenye nailoni. Wafugaji ilibidi uwatafute. Leo umewaacha bondeni, mwezi ujao malisho yameisha na wao wamehama, unabaki kuuliza njiani ng'ombe wameelekea wapi.

Baadaye nikapelekwa Mikumi, chini ya Mratibu wa Chanjo wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride. Gari haliondoki mpaka apite dirishani kukagua mikanda. Wakati ule kufunga mkanda tulikuona ni woga, wengi wetu tuliukalia tu. Yeye hata kibebeo cha chanjo, lile boksi lenye barafu ndani, alitaka kifungwe mkanda kwenye kiti cha nyuma. Tulimcheka sana chini kwa chini. Mwenzetu mmoja mtundu alimwuliza kama na barafu zenyewe zifungwe. Mratibu akajibu bila kucheka kwamba akipata mkanda wa kuzitosha, azifunge.

Dereva wetu alikuwa Mzee Mrisho, mzaliwa wa Mabwerebwere kule Kilosa, aliyenizidi umri kwa mbali. Safarini mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Asubuhi lakini mimi ndiye niliyemwamkia, yeye akaitikia huku akifuta kioo, kisha ndipo akauliza leo Sista anaamuru twende wapi. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi na hakuna aliyeona tabu.

Siku yenyewe tulitoka Mikumi sisi wawili tu kwenda Malolo. Jua lilikuwa limeshapanda na barabara ilikuwa kavu. Kwenye mteremko mmoja, lori lililokuwa linapanda lilichomoza upande wetu likijaribu kulipita jingine. Mzee Mrisho hakupiga honi. Alikata usukani kushoto, tukatoka barabarani, na gari likabiringika mpaka chini korongoni. Sikuhesabu limebiringika mara ngapi. Ninachokumbuka ni mchanga mdomoni na kadi za kliniki zikiruka mbele ya macho yangu.

Lilipotulia, magurudumu yalikuwa juu. Nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda kichwa chini, paa limebonyea mpaka linanigusa nywele, na kati yangu na dereva pamejaa mabati na sponji ya viti. Dizeli ilikuwa inanuka. Nilijaribu vidole vya miguu, vikacheza. Nikageuza shingo, ikageuka. Nilikuwa mzima, lakini upande wa pili palikuwa kimya.

Nikamwita kwa jina. Nikapenyeza mkono mpaka nikaupata wake, nikamshika mapigo. Nimeuguza watu tangu usichana, lakini siku ile kazi ilinishinda. Vidole vyangu vilikuwa vinadunda vyenyewe, sikujua ninayempima ni yeye au mimi. Nikamfikiria mkewe, ambaye jana yake tu alinifungia magimbi nikale nyumbani. Nitamwambia nini yule mama? Niliogopa hapo kuliko nilivyoogopa gari likibiringika, nasema kweli. Ndipo likanitoka lile nililozoea kumwambia kila asubuhi.

"Shikamoo, Mzee Mrisho."

Hakuitika. Jamani, mimi nimelelewa kwamba shikamoo haiachwi hewani. Hata mgonjwa mahututi wodini ukimwamkia, midomo inajaribu. Nikamwamkia tena, safari hii kwa ukali, kama ninamgombeza mtu aliyechelewa kazini.

Wafugaji waliokuwa wanachunga karibu walikuwa wameshateremka korongoni. Mmoja wao, mwanaume wa makamo, aliinama akaingiza kichwa dirishani, akauliza tuko wangapi na kama tu wazima. Nikasema wawili, mimi mzima, huyu sijui. Alimtazama Mzee Mrisho.

"Ni baba yako?"

Nikasema ndiyo. Haikuwa saa ya kuelezana mambo ya ajira.

"Basi mwamkie."

"Nimemwamkia."

"Mwamkie tena."

Nikamwamkia mara ya tatu, nikiwa ninalia waziwazi. Kwanza kikatoka kikohozi. Halafu akatema mchanga. Halafu ikaja sauti nzito, ya mtu aliyejing'ata ulimi.

"Marahaba, Sista. Breki zilikuwa nzima. Waambie."

Nilicheka kichwa chini, machozi yananitiririkia kwenye paji la uso badala ya mashavuni. Yule bwana naye akacheka, akachomoa kisu akaukata mkanda wangu bila kunionya, nikaangukia kichwa. Nawaambieni, jeraha langu kubwa la siku ile, hili kovu la kwenye nyusi, sikulipata kwenye ajali. Nililipata kwenye kuokolewa. Mzee Mrisho alitoka na ulimi uliovimba, kidole kilichoteguka na michubuko ya mkanda kifuani. Kibebeo cha chanjo tulikikuta kimening'inia kwenye mkanda wake, barafu bado ngumu.

Tulipokuwa tunatibiwa Mikumi, Mratibu akapiga simu. Nikaanza kumwelezea hali ya chanjo, maana nilimjua. Akanikatiza.

"Sijakuuliza chanjo. Mpe Mrisho simu nimsikie."

Nikampa. Mzee akasema maneno machache kwa ulimi ule mzito, na huku upande wa pili nikamsikia yule mtu wa gwaride anapenga kamasi.

Kesho yake tulikwenda polisi kuandikisha maelezo. Gari lilikuwa limewekwa nje, limebonyea kama kopo lililokanyagwa, na watu wamelizunguka. Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa anawasimulia kwamba humo hakutoka mtu, nesi na dereva wameondoka wote, yeye mwenyewe ameziona maiti. Mzee Mrisho akamwuliza kwa upole huyo dereva alikuwa mtu wa namna gani. Akajibiwa kwamba alikuwa mtu mwema sana, mswalihina. Alifurahi kuisikia sifa hiyo akiwa bado anaweza kuifaidi. Nilipomwambia yule mama kwamba sisi ndio maiti wenyewe, alitutazama, akalitazama gari, akatushika mikono yote minne kwa pamoja akaanza kulia. Hatukuondoka pale bila mfuko wa vitumbua.

Mzee Mrisho alistaafu muda mfupi baadaye. Mimi niliendelea mpaka zamu yangu ilipofika, nikiwa Kilosa mjini, na waliofanya kazi chini yangu watawaambieni jinsi nilivyokuwa msumbufu wa mikanda. Sijutii. Siku ya kuniaga, vijana waliniuliza kazi imeniachia nini. Nikajibu maneno ya hotuba, watoto wenye afya, jamii yenye uelewa, nikapigiwa makofi. Ni kweli yote, lakini sicho ninachokifikiria ninapoamka.

Uzee umemfanya Mzee Mrisho kuwa mlalamishi. Juzi alinipigia simu, akaanza na magoti, akaingia kwenye bei ya sukari, akaja kwa mbuzi wa jirani waliomaliza mchicha wake, mpaka nikamsikia mkewe kwa nyuma akimwambia amwache Sista apumzike. Akataka kukata. Nikamwambia pale kwenye mbuzi sikusikia vizuri, arudie.